Sisi Tusiokuwepo wa Praia Goiaba

Praia Goiaba,
Kusini kabisa mwa kisiwa cha São Tomé,
Majira ya gravana, mvua zikiwa zimepumzika.

Kwa Mhariri wa kijitabu "Likizo Kusini: Mambo Kumi ya Kufanya",
Mjini.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za watu wa Praia Goiaba. Najua salamu hizi zitakushtua, kwa kuwa kwa mujibu wa maandishi yako mwenyewe watu wa Praia Goiaba hatupo. Tafadhali keti kwanza, unywe maji, halafu uendelee kusoma. Hali zetu ni njema, samaki wanapatikana, na mimi ninayekuandikia ni Hermenegildo Quaresma, mgema wa tembo, ambaye kila mtu hapa humwita Gidu. Nimepewa kazi hii kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu siku ya mkutano nilichelewa kushuka mchikichini, nikakuta wenzangu wameshaniteua.

Kijitabu chako kilitufikia kikiwa kimefungia mkate. Mambo matatu ya kwanza yalikuwa yamelowa siagi, kwa hiyo hatujui ni yapi, na kama ni mazuri tunawapongeza wahusika. Jambo la nne ni kupanda mlima. La tano ni kuoga chini ya maporomoko. La sita ni kula samaki katika kijiji jirani, samaki ambao, kwa taarifa yako, huvuliwa hapa kwetu. La saba nalinukuu neno kwa neno: "Keti peke yako Praia Goiaba, ufukwe usiojulikana, usio na mtu, ambao haujaguswa." Chini yake kuna picha ya mchanga na mawimbi.

Kwa heshima zote tunayo malalamiko. Nayapanga kwa namba, kama wafanyavyo watu wenye ofisi.

1. Kuhusu "usio na mtu". Niliwasomea watu maneno yako kwa sauti wakati wanaparua samaki. Baltazar, mvuvi wetu mwenye mtumbwi mkubwa kuliko wote na maneno mengi kuliko wote, aliweka kisu chini akasema, "Gidu, hebu rudia hapo." Nikarudia. "Kwa hiyo mimi ni nani? Mzimu?" Mke wake akamjibu bila hata kuinua kichwa, "Mzimu haukoromi, baba. Wewe upo, majirani wote mashahidi." Watu walicheka sana, lakini Baltazar hakucheka. Tangu siku hiyo nikimsalimu asubuhi hunijibu, "Mimi sipo, muulize mhariri," na samaki wa mboga hanipi tena, ati asiyekuwepo hatoi kitu. Mimi ndiye ninayekula shelisheli kavu kwa ajili ya maneno yako.

2. Kuhusu "usiojulikana" na "haujaguswa". Haujulikani na nani, Ndugu Mhariri? Hata nguruwe wa hapa wanaujua, wakipotea msituni hurudi wenyewe. Na kuguswa, umeguswa. Hapo ndipo tunapovuta nyavu, tunapoanika samaki, tunapocheza mpira na kuvunjana miguu. San Plácida ("San" kwetu ni kama "Bi"), mama mtu mzima tunayemheshimu wote, alizaliwa papo hapo mchangani, mama yake aliposhikwa uchungu katikati ya kazi. Dada yangu Eufrásia anasema nikuandikie hivi: "Mwambie aje alfajiri, kabla hakujapambazuka, atembee peku. Akishanawa miguu atatuambia kama haujaguswa." Nisingependa kuliweka jambo hilo kwenye barua ya heshima, lakini ameapa ataisoma kabla haijaondoka.

3. Kuhusu picha. Tuliibishania sana, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona ufukwe ule ukiwa mtupu. Tulidhani umepiga picha mahali pengine ukaweka jina letu. Ndipo San Plácida alipoichukua, akaisogeza karibu na macho, akatuonyesha kwa kidole. Pembeni kabisa unaonekana mtumbwi uliogeuzwa juu chini, wenye pua ya kijani. Ni wa marehemu mume wake. Uligeuzwa hivyo siku moja tu, siku tuliyomzika, na sote tulikuwa makaburini. Mpigapicha wako alipita siku hiyo, Ndugu Mhariri. Alikuta pametulia akafurahi. San Plácida ameikata ile picha kwa kisu cha samaki na ameibandika ukutani karibu na kitanda, kwa hiyo kama utataka kijitabu kirudishwe, kitarudi kikiwa na tundu.

4. Kuhusu wageni. Hapa ndipo penye kidonda changu, naomba uvumilie.

Sisi wazee wetu walitufundisha, mgeni njoo, mwenyeji apone. Dada yangu Eufrásia aliliamini neno hilo kuliko wote. Aliposikia wageni wameanza kufika kisiwani, aliongeza chumba cha mbao kwenye nyumba yetu, akapaka dirisha rangi ya buluu, akatundika chandarua kipya, akatandika shuka nyeupe ambazo mimi siruhusiwi kupita karibu nazo nikitoka kugema. Akajifunza kupika calulu, mchuzi wetu wa samaki na majani, isiyowasha, kitu ambacho huku hakina jina. Kisha akakaa barazani kungoja.

Kazi yangu iko juu, kwa hiyo naona yote. Wageni huja, siwezi kukudanganya. Walikuja kijana na mkewe kwa pikipiki za kukodi, wamejaa vumbi na furaha. Wakatukuta. Kijana akamuuliza Baltazar, "Samahani mzee, Praia Goiaba iko wapi?" Baltazar akasema, "Umeikanyaga." Kijana akakitazama kijitabu, akatutazama sisi, akakitazama tena kijitabu. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Tumepotea. Hapa kuna watu." Wakageuza pikipiki. Eufrásia aliwafuata mbio hadi kwenye michikichi akipunga kitambaa, nao wakampungia mkono kwa upole, wakidhani ndivyo tunavyoaga.

Baada yao alikuja bwana mmoja mwenye kofia, akatuvuka kama tunavyovuka matope, akapanda mwamba hadi ghuba ya pili, ambako kweli hakuna mtu kwa sababu hakuna maji ya kunywa na bahari yake ni katili. Alirudi jioni midomo imepasuka. Eufrásia akampa maji, akamwonyesha chumba, akamwonyesha na shuka. Bwana yule akasema, "Asante dada, lakini mimi natafuta mahali ambapo hapajafikiwa." Dada yangu alirudi jikoni akajifanya anakata vitunguu.

Sasa binamu yetu aliyeko Libreville, ng'ambo ya bahari, amemtafutia Eufrásia kazi ya kupika huko, na amesema gravana ikiisha bila jibu atampa mtu mwingine. Mimi sina mke, na wazazi wetu wametangulia. Nikishuka mchikichini jioni kuna mtu mmoja tu duniani anayeniuliza, "Umekula nini leo?" na mtu huyo ndiye unayenifukuzia kwa kijitabu. Naogopa, Ndugu Mhariri. Nikiwa kule juu sijawahi kuogopa kuanguka, lakini jambo hili linaniogopesha.

5. Kuhusu haki za wasiokuwepo. Tulikaa kikao tukaona, kama serikali na wasomi wamekubaliana kwamba hatupo, basi tupewe faida zake. Tunaomba kwa unyenyekevu utuandikie hati yenye mhuri inayosema hatupo. Tutamwonyesha mkusanya ushuru wa soko, maana hawezi kumtoza mtu ambaye hayupo. Tutamwonyesha mwalimu, maana mtoto asiyekuwepo hawezi kuitwa mtoro. Baltazar anataka nakala ya kumwonyesha padri, kwa hoja kwamba asiyekuwepo hatendi dhambi, na mke wake anataka nakala ya kumwonyesha Baltazar, kwa hoja kwamba asiyekuwepo hapikiwi. Wagombea wakija wakati wa kura na fulana zao, fulana tutapokea, kura wataeleza wao wenyewe wamezipata wapi.

San Plácida, ambaye amesimama nyuma yangu na kibakuli cha njugu, anasema niongeze kwamba hata kifo nacho kionyeshwe hati hiyo, kipite moja kwa moja kijiji jirani. Nimemwambia kifo hakisomi vijitabu. Amesema, "Wewe andika tu, mtoto. Kuandika kunakuuma?" Nimeandika.

6. Kuhusu jitihada zetu za kukutii. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ni refu na kwa sababu limetokea jana.

Kikao kile kile kiliamua kwamba ikiwa kijitabu hakitaki kufuata kijiji, basi kijiji kifuate kijitabu. Akija mgeni mwingine, sote tutajificha, ili mradi akae, alale kwenye chumba cha Eufrásia, na dada yangu asipande meli. Kazi yangu ilikuwa kugonga kibuyu nikiwa juu. Nikigonga, wanawake na watoto waingie kwenye mashamba ya zamani ya kakao, majogoo wafunikwe kwa matenga, nguruwe wavutwe kwa maganda ya ndizi. Eufrásia peke yake ndiye aruhusiwe kuwepo, kwa kiasi.

Jana nikaona pikipiki moja. Nikagonga kibuyu. Sijawahi kuona watu wangu wakitii namna ile, hata kanisani. Kufumba na kufumbua hapakuwa na kitu isipokuwa mawimbi. Baltazar, ambaye huchelewa kila mahali, hakuwahi kufika kwenye kakao, akaingia chini ya mtumbwi wake uliopinduliwa, akalala humo.

Mgeni alikuwa mama wa makamo kutoka Ureno, jina lake Dona Ivone. Aliuangalia ufukwe akashusha pumzi. Akamwambia dada yangu, "Ni kama walivyoandika." Eufrásia alitabasamu mpaka nikaona meno yake nikiwa juu. Begi likaingia ndani, na mama yule akashuka mchangani, akaketi akiitazama bahari. Ndugu Mhariri, tulikuwa tumeshinda. Kama ningeweza ningepiga makofi, lakini mikono yangu ilikuwa imeshika mti.

Tatizo ni kwamba aliendelea kuketi. Hakuogelea, hakupiga picha, hakusoma kitabu. Alikumbatia magoti, kidevu juu yake, akatazama maji tu. Jua likapanda, likaanza kushuka, yeye yuko pale pale. Chakula alichopelekewa alikigusa kidogo akakiacha.

Wewe ni mtu wa mjini, lakini bibi yako hakuwa wa mjini, kwa hiyo unajua. Huku kwetu mtu akiketi peke yake kuitazama bahari namna hiyo, amefiwa. Na aliyefiwa haachwi peke yake hata kwa muda wa kuchemsha yai, mpaka matanga yaanuliwe. Hatuna mkao mwingine unaofanana na huo.

Ndipo niliposikia sauti ya San Plácida kutoka kwenye kakao. "Nani amemfia yule?"

Mke wa Baltazar akasema, "Hajafiwa, yuko likizo."

"Likizo gani ya kujikunyata?"

"Ndivyo wanavyopumzika wao. San Plácida, rudi! Tumekubaliana!"

"Nyinyi ndio mmekubaliana. Mimi nimezika, naijua migongo ya watu."

Nikagonga kibuyu kumkataza. Akaniangalia juu akasema, "Gonga mpaka kipasuke." Akatoka mafichoni na chupa yake ya kahawa na mkate, akaenda akaketi mchangani ubavuni pa mgeni, akammiminia kikombe, akamwambia, "Pole, mwanangu."

Baada ya hapo sikuwa na jeshi tena. Alipotoka mmoja, mwingine aliona aibu kubaki. Wakaja na mikeka. Wakaja na karata, maana kwenye matanga watu hucheza karata ili usiku usiwe mrefu. Majogoo wakaachiwa, nguruwe wakarudi. Watu wakaanza kuimba zile nyimbo za kukesha, polepole. Kwa zile sauti Baltazar akaamka na kutambaa kutoka chini ya mtumbwi, nywele zimejaa mchanga, karibu na mguu wa mgeni, na mama yule akapiga yowe. Baltazar akavua kofia akasema, "Pole sana kwa msiba. Alikuwa mtu mwema."

Basi Dona Ivone akaanza kulia. Alilia, Ndugu Mhariri, kilio cha mtu mzima, mabega yanatikisika. San Plácida alimshika mkono hakumwachia. Kulipokuwa giza aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango, na mpaka asubuhi hii ninapoandika hajatoka.

San Plácida anasema, "Si niliwaambia?" Lakini dada yangu anasema tumemharibia mgeni likizo. Alikuja kutafuta mahali pasipo na mtu, tukammwagia kijiji kizima. Eufrásia hajanilaumu, na afadhali angenilaumu. Ametoa sanduku chini ya kitanda, analipangusa vumbi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kutokana na hayo yote, tunadai mambo yafuatayo.

Kwanza, jambo la saba lifutwe na liandikwe upya hivi: "Nenda Praia Goiaba, kuna watu tele." Wageni waambiwe wazi mambo ya kufanya huku: kushindwa karata na San Plácida, ambaye anaiba lakini hakuna aliyewahi kumkamata, kumsaidia Baltazar kutafuta kasia ambalo amelikalia, kuonja tembo la Gidu asubuhi likiwa tamu, au jioni likiwa na maoni yake, kungoja gari, kuulizwa una watoto wangapi, na kwa nini, kulala kwenye shuka nyeupe. (Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sijawahi kusifiwa, kwa hiyo langu ni salama.)

Pili, kwa fidia, mambo yote kumi ya toleo lijalo yawe Praia Goiaba. Mlima na maporomoko yapumzike kidogo.

Tatu, uje wewe mwenyewe na mpigapicha wako, tusimame mchangani sote, tupigwe picha. Yeyote atakayekodoa macho vibaya ni Baltazar.

Nne, neno "hakuna mtu" lipigwe marufuku katika vijitabu vyote vya kisiwa hiki, na ikiwezekana vya dunia. Ninashuku kwamba kila mahali mnapoandika neno hilo kuna mama fulani anaanika samaki na anashangaa.

Tunakuomba uharakishe, kwa sababu gravana haitungojei na meli ya Libreville haijui kuchelewa kama sisi.

Tunakusalimu sana. Tusalimie mke wako kama unaye, wapiga chapa wote, mchora ramani aliyetuweka baharini kidogo, na mwoka mikate aliyetuletea habari. Mpigapicha mwambie hatuna kinyongo naye, ila siku nyingine akikuta kijiji kitupu, aulize kwanza ni nani amefariki.

Ni mimi niliyepo, kwa niaba ya wote waliopo,

Hermenegildo Quaresma (Gidu), mgema.

Nyongeza: Barua hii ilikaa nyumbani siku kadhaa kwa sababu gari la samaki liliharibika. Naomba usome haya machache kabla hujafanya lolote, na kama umeshaanza kufanya, acha.

Dona Ivone alitoka chumbani siku ile ile mchana, macho yamevimba, akaniuliza mimi, niliyekuwa nimekaa barazani nikilinda sanduku la dada yangu lisifungwe, "Ile kahawa ya jana bado ipo?" San Plácida alikuwa ameshafika na chupa. Kisha akatueleza. Mume wake alifariki mwaka jana. Kwao watu walileta maua, wakampa mkono, wakarudi makwao, na tangu hapo akilia watu humpa nafasi. Alichoka kupewa nafasi. Akaona kijitabu chako, akajiambia ataenda huko pasipo na mtu, alie hadi amalize, asimsumbue yeyote. San Plácida alimwonyesha ile picha ya ukutani, mtumbwi wenye pua ya kijani, akamweleza siku ile ilikuwa siku gani. Wakaketi kitandani wawili, mlango ukafungwa, mimi nikaondoka.

Nilimuuliza baadaye, kwa niaba yako: kama kijitabu kingesema kuna watu tele, angekuja? Akasema, "Nisingekuja, kaka Gidu. Ningekimbia."

Amekodi chumba mpaka mvua zirudi. Wahenga husema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu alilidai mwenyewe, analima magimbi na Eufrásia kwa vurugu kubwa, na kwenye karata amemkamata San Plácida akiiba, jambo ambalo kijiji hakijapona nalo. Ameandikia rafiki yake ambaye naye amefiwa, akamwambia aje, na akamwambia hakuna mtu. Sanduku la dada yangu limerudi chini ya kitanda. Binamu wa Libreville ametumiwa salamu atafute mpishi mwingine. Jana jioni niliposhuka mchikichini nikaulizwa nimekula nini, nikaomba niulizwe tena.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, usifute chochote. Usituhesabu, usitupige picha. Liache jambo la saba kama lilivyo, na ukipata nafasi uliandike kwa herufi kubwa zaidi: HAKUNA MTU. Sisi tutajificha vizuri, na San Plácida ataweka maji ya kahawa motoni.